Sikio la Chaki

Bloku mbili zilikuwa zimelazwa kwenye sakafu ya gereji tangu asubuhi, kila moja juu ya mbao zake, na hakuna aliyethubutu kuzigusa kabla Sikio hajafika. Ndivyo mambo yalivyokuwa pale. Gereji ilikuwa na mashine za kuchonga chuma, ilikuwa na winchi na kabati zima la vipimo, lakini injini ya boti ya mbio haikufungwa hata bolti moja mpaka mzee yule aigonge bloku na kuisikiliza. Bloku ndiyo mwili wa injini, lile pande kubwa lenye matundu manane, yaani silinda, ambamo pistoni hupanda na kushuka. Vingine vyote vinabadilishwa. Bloku ikiwa mbovu, umejenga nyumba juu ya shimo.

Jina la Sikio alilipata ujanani, alipomwambia mwenye boti mmoja mbele za watu kwamba bloku yake mpya ina ufa. Walimcheka mpaka wakashika mbavu. Wakaikata kwa msumeno ili wamwaibishe, na ufa ukaonekana pale pale alipokuwa ameweka kidole. Tangu siku hiyo hata mkewe alimwita Sikio, na jina lake la shuleni likabaki kwenye kitambulisho.

Jambo ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba Sikio alikuwa hasikii tena.

Hakuwa kiziwi wa kupigiwa kelele dukani. Ukisimama mbele yake ukazungumza, aliiangalia midomo yako na kukujibu vizuri. Mlango ukibamizwa alishtuka kama wengine. Kilichomtoka ni sauti nyembamba. Kwanza waliondoka ndege wa asubuhi, akadhani wamehama. Halafu simu ikaacha kuita, akailaumu simu. Halafu siku moja mkewe akakoroga chai mbele yake, kijiko kikazunguka ndani ya kikombe bila mlio wowote, na hapo hakuwa na wa kumlaumu. Miaka thelathini na moja alisimama kando ya injini zinazonguruma bila kuziba masikio, na kila walipomletea vizibo alisema hivyo ni vya watu wasio na kazi na masikio yao. Aliyasema kwa mbwembwe, na yote yakaja kumtokea puani.

Bloku nayo husema kwa sauti nyembamba. Ukiigonga, kwanza inatoa mshindo mzito, na huo hata Sikio aliusikia. Baada ya mshindo unafuata mlio unaovutika, unaokonda polepole hadi unaisha. Ufa hukaa kwenye mkia huo. Bloku nzima mkia wake ni mrefu. Bloku yenye ufa mkia wake hukatika ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo akiwa anaimba. Sikio alikuwa amebaki na mshindo tu.

Basi alifanyaje kazi miaka mitatu bila kukosea? Alitumia uso wa binti yake.

Binti huyu alikuwa mtu mzima, mke wa watu, na ndiye aliyechonga silinda zote za gereji ile. Walimwita Mama Vipimo, kwa sababu hakuamini kitu asichokipima. Walimtania kwamba nyumbani kwake hata chumvi hupimwa kwa rula. Alikuwa na masikio mazima na uso usiojua kuficha neno. Bloku ilipoinuliwa kwa winchi, yeye alisimama upande wa pili akishika mnyororo isizunguke. Sikio aligonga, akainua macho, akausoma uso ule. Nyusi zikitulia, bloku nzima. Zikikunjana hata kidogo, bloku mbovu. Mara ya kwanza aliiona kama bahati, mara ya pili akajua anafanya hila, na baada ya hapo ikawa ndiyo kazi yenyewe. Sifa zikazidi kumwagika, na mzee akazipokea bila kupepesa macho. Mtu aliyesifiwa maisha yake yote kwa kiungo kimoja, kiungo hicho kikifa, atakificha kama anayeficha maiti chumbani, na wageni atawapokea sebuleni akitabasamu.

Siku hiyo mwenye boti, ambaye wote walimwita tajiri, alikuja mwenyewe, kitambi mbele na haraka nyuma yake.

"Shikamoo mzee," alisema. "Nimekuletea wachumba wawili. Mchague mmoja."

"Marahaba. Afya zao zikoje?"

"Hiyo si kazi yako?"

Watu wakacheka, na Sikio akacheka pamoja nao, kwani alikuwa amejizoeza kucheka mara tu anapoona meno ya wenzake.

Mchumba wa kwanza alikuwa bloku ya alumini, mpya, nyeupe, ya kilo hamsini na tano. Wa pili alikuwa wa chuma, mkongwe, wa kilo mia na kumi, aliyewahi kutumika kwenye boti nyingine na kutolewa akiwa bado na nguvu. Boti itakayofungwa mmoja wao ilikuwa inaendeshwa na mtoto wa mwisho wa Sikio mwenyewe. Huyu walimwita Breki, kwa sababu tangu alipopanda baiskeli yake ya kwanza hakuwahi kuwa nazo. Alikuwa na miaka ishirini na saba, alicheka kwa mwili mzima, na mama yake hakwenda kumtazama akishindana hata siku moja, maana alisema moyo wake ni mmoja tu.

Breki alikuwa amekwisha kuchuchumaa kando ya ile nyeupe, anaipapasa.

"Baba, mimi naomba hii. Ile ya chuma inakalisha mkia wa boti majini. Nikiwa na hii, pua inakaa ninavyotaka mimi."

"Pua itakaa, injini haitakaa," Sikio alimjibu. "Tunaifunga tabo mbili za kuisukumia hewa. Alumini ikibanwa hivyo inacheza, silinda zinapoteza umbo. Chuma hakichezi. Na hiki kimepata moto na baridi miaka na miaka, kimetulia. Kimeiva."

Hapakuwa na uongo ndani ya maneno hayo. Fundi yeyote mzoefu angeyasema, na tajiri aliitikia kwa kichwa. Lakini nyuma ya sababu hiyo nzuri ilikuwapo nyingine, iliyojificha. Alumini hata ikiwa nzima hulia kwa ufupi, na Mama Vipimo alikuwa amemwambia siku moja kwamba akisikiliza alumini hajui aamini nini. Uso wake mbele ya alumini ulikuwa kitabu kilichofungwa. Ndiyo maana kwa miaka mitatu Sikio hakuwa ameipitisha hata bloku moja ya alumini, na watu wakasema mzee ana misimamo.

"Sawa," Breki alisema, akainuka akijipangusa magoti. "Wewe ndiye unayesikia. Mimi nikiwa majini huwa nimeipa injini mgongo. Nyuma huko nina sikio lako tu."

Alisema kwa utani. Sikio aliyaona maneno yakitoka kwenye midomo ya mwanawe moja baada ya jingine.

Mama Vipimo alikuwa amepiga magoti mbele ya bloku ya chuma, tochi mkononi, anachungulia vijia vya ndani ambamo maji ya kupoozea injini hupita.

"Baba, hii imekula chumvi nyingi," alisema. "Tuipime kwa upepo kwanza. Tuzibe matundu yote, tujaze upepo kwenye vijia, tuitumbukize kwenye tangi. Kama ina ufa itatoa mapovu."

"Sahani ya kuizibia tunayo?"

"Ya aina hii hatuna. Nitaitengeneza."

"Lini?"

"Nikianza kesho asubuhi..."

"Na mimi nipo hapa kwa ajili gani?" Sikio alimkata. "Kupamba ukuta?"

Tajiri akaangua kicheko. Mafundi wawili waliokuwa kwenye meza ya hedi, vile vifuniko vya silinda, wakacheka pia. Mama Vipimo akazima tochi, akaiweka mfukoni, akasema tu, "Samahani, baba." Na Sikio, aliyekuwa ameshinda mbele ya watu, alimtamani arudie. Alimtamani ashupaze shingo kama alivyokuwa akifanya utotoni, aseme bila sahani hakuna kazi. Angesema mara ya pili tu, angemkubalia na kumshukuru kimoyomoyo. Lakini alikuwa amemlea mwanamke mwenye adabu, na adabu ikamfunga mdomo.

Wakaifunga bloku minyororo, wakaiinua hadi usawa wa kifua. Breki akazima kompresa, akazima redio, akazima hata feni. Sikio aliujua ukimya kwa macho: mkanda wa kompresa ukasimama, mapanga ya feni yakapunguza mwendo hadi yakahesabika. Akatoa nyundo yake ndogo ya shaba. Alikuwa na desturi ya kugonga mahali saba, akianzia mbele, na kila baada ya pigo alisubiri mpaka mlio uishe, au siku hizi, mpaka aone umeisha.

Pigo la kwanza. Uso wa binti yake ulikuwa mtulivu. La pili, la tatu. La nne, jasho likamtiririka binti pembeni mwa jicho na hakulifuta. La tano na la sita, sawa.

Pigo la saba lilikuwa kati ya silinda mbili za nyuma. Sikio aligonga, akainua macho, na akaona nyusi za binti yake zikianza kusogea. Zilianza tu. Halafu macho yake yakapanda, yakakutana na ya baba yake, yakabaki hapo kitambo, na nyusi zikarudi mahali pake. Hata akaitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu anayesema haya.

Sikio aligonga tena pale pale. Safari hii uso wa binti ulikuwa umetulia tuli, umeelekezwa kwake moja kwa moja, kama wa mtoto anayengoja kuruhusiwa kwenda kucheza.

Zile nyusi aliziona. Hilo ni lazima lisemwe, na yeye mwenyewe hakuwahi kulikana baadaye. Aliziona zikisogea, akajiambia ni jasho. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa chaki, akachora ubavuni mwa bloku alama yake ambayo gereji zote za pwani ile ziliijua: sikio dogo, mstari mmoja uliopinda na mwingine ndani yake.

"Chuma," alisema.

Breki akaleta brashi na kopo la rangi nyekundu, akafuatisha chaki kwa uangalifu, ulimi ukiwa nje. Hiyo ilikuwa desturi yake yeye. Alisema chaki ya baba haifai kufutika.

Injini ilichukua wiki tano kufungwa. Ilipowashwa kwa mara ya kwanza juu ya stendi, ilinguruma vizuri kiasi kwamba tajiri alimkumbatia kila aliyekuwa karibu, pamoja na mtu wa bima aliyekuja kwa mambo yake. Kwenye majaribio haikukohoa hata mara moja. Breki alilalamikia uzito siku ya kwanza, siku ya pili akauzoea, siku ya tatu akawa anaisifu.

Siku ya mashindano Sikio alisimama kwenye gati, mikono nyuma, juani. Ngurumo ya boti aliisikia kwa kifua zaidi kuliko kwa masikio. Ilimtetemesha mbavu kila ilipopita, na hiyo ilimtosha. Mzunguko wa kwanza Breki alikuwa wa tatu. Wa pili akawa wa kwanza. Wa tatu, boti ikiwa nusu majini na nusu hewani, mtetemo ule wa mbavuni ulikatika.

Kilichotokea ndani ya injini kilikuja kujulikana baadaye, na ni rahisi kukieleza. Ufa ulikuwa umekaa kimya chini ya kutu, kati ya kijia cha maji na silinda. Injini ilipokanyagwa hadi mwisho, ukafunguka, na maji yakaingia kwenye silinda. Pistoni inaweza kubana hewa, haiwezi kubana maji. Injini ikajifunga papo hapo. Boti iliyokuwa inaruka ikanyimwa msukumo, pua ikainama, ikachoma maji, na mkia, ule mkia mzito wa chuma, ukapita juu.

Sikio hakusikia kelele za watu. Aliona midomo yao imefunguka kila upande.

Breki hakufa. Wapiga mbizi walimtoa akiwa bado amefungwa mkanda. Lakini uti wa mgongo ulikuwa umekatika mahali ambapo daktari aliwaonyesha kwa kidole kwenye picha, sehemu ya chini ya shingo, na daktari hakuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Miguu haitarudi. Mikono labda kidogo. Mapafu yalikuwa yameingia maji, kwa hiyo walimvika barakoa ya oksijeni, na shingo wakaifunga kola ngumu iliyomfanya atazame dari tu.

Mama yake hakuondoka kando ya kitanda. Siku ya tisa alirudi nyumbani kuoga, akamkuta Sikio amekaa jikoni, akaketi mbele yake.

"Anajilaumu," alimwambia. "Kila anayekuja anamwambia hivyo hivyo. Eti alikanyaga pale alipotakiwa kuachia. Eti wimbi lilimjia vibaya, yeye akalidharau. Tajiri alipotaja injini alimkatalia kabisa. Alisema ile ilipita kwa baba, isiguswe."

Mkewe aliyasema hayo ili kumfariji. Sikio alimshukuru, akaenda chooni, akafunga mlango, akauma taulo.

Bloku ilitolewa majini baada ya siku kumi na mbili. Waliileta gereji ikiwa imevaa matope na majani, fimbo ya pistoni moja ikiwa imechungulia nje kwa chini. Tajiri hakuja. Mama Vipimo aliiosha peke yake kwa bomba la maji, na matope yalipotoka ubavuni, sikio jekundu likatokea kama lilivyochorwa, halijabanduka hata pembe.

Sikio alipofika saa za asubuhi alimkuta binti yake kwenye mashine, anachonga kipande cha bati nene. Binti hakumsalimia. Sikio akakaa kwenye kiti cha plastiki akamtazama. Binti alitoboa matundu, akakata mpira wa kuzibia, akaifunga ile sahani juu ya bloku, bolti moja moja, kwa mpangilio. Kisha akaunganisha bomba la upepo, akaizungusha winchi, akaishusha bloku yote kwenye tangi, na akafungua upepo.

Mapovu yakaja. Yalitoka mstari mmoja mwembamba kati ya silinda mbili za nyuma, yakapanda bila haraka, yakapasuka juu ya maji. Mahali pa pigo la saba.

Mama Vipimo aliangalia saa ya ukutani, halafu akamgeukia baba yake.

"Masaa matatu," alisema. "Kuitengeneza hii sahani ni masaa matatu."



"Nilisikia," binti akaendelea, na macho yake yalikuwa makavu, mekundu. "Lile la mwisho lilikatika, baba. Nililisikia likikatika. Nikakuangalia, nikaona umetulia kabisa. Nikasema mimi ni nani? Kama Sikio amesikia iko sawa, basi masikio yangu ndiyo mabovu. Nikaitikia kwa kichwa ili usione nimekutilia shaka mara mbili kwa siku moja."

"Nilikuwa nakuangalia wewe," Sikio alisema.

"Kwa nini uniangalie mimi?"

"Sikusikia kitu." Aliyatoa maneno kama anayetema vipande vya jino. "Miaka mitatu sasa. Nagonga, nakuangalia wewe usoni. Nyusi zako zikikunjana naikataa. Zikitulia naipitisha."

Mapovu yaliendelea kupanda nyuma yake. Mama Vipimo aliufunga upepo, mkono ukiwa bado kwenye koki.

"Miaka mitatu," alisema, "nimesimama upande wa pili wa hiyo winchi nikidhani najifunza kwako. Nakaribia kusikia kitu, nakuangalia wewe, nikiona uso wako umekubali nami nakubali. Nilikuwa naandika kwenye daftari, baba. Mlio huu mzuri, mlio huu mbaya. Nilikuwa naandika uso wangu mwenyewe."

Alivua glavu, akaziweka juu ya tangi, moja juu ya nyingine.

"Nenda ukamwambie. Mimi sitamwambia. Yule amelala pale anajihukumu kwa ajili ya masikio yako na adabu yangu. Ya kwangu nitakwenda kumweleza mwenyewe. Ya kwako ukaseme leo."

Sikio alikwenda saa za kutembelea wagonjwa. Wodi ilikuwa ndefu, vitanda vimegawanywa kwa mapazia ya buluu, na jua la alasiri lilikuwa limefika hadi miguuni mwa Breki, miguu isiyojua kama jua ni kali. Mkewe alikuwa upande wa pili wa kitanda, anachana nywele za mwanawe taratibu kwa chanuo kidogo. Sikio aliketi kwenye stuli, akaishika mikono ya mwanawe yote miwili. Ilikuwa ya moto na haikumshika.

Breki alizungusha macho upande wake. Barakoa ilikuwa imemfunika pua na mdomo. Ukungu ukaja ndani ya plastiki, ukaondoka, ukaja tena. Alikuwa anazungumza. Midomo ilikuwa nyuma ya ule ukungu, na Sikio hakuona chochote cha kusoma. Ukungu ukakoma, na macho ya Breki yakabaki kwake, yanangoja.

Na mzee yule, aliyekuwa amekuja na maneno yake ameyapanga njia nzima, alifanya alichokuwa amekizoea kwa miaka mitatu. Alitikisa kichwa kukubali, kwa upole, kama baba.

Breki alifumba macho. Chozi lilimtoka kwenye kona ya jicho, likaingia sikioni, na hakuwa na mkono wa kulifuta.

Mkewe aliacha kuchana nywele. Akamkazia macho Sikio, na yeye midomo yake ilionekana vizuri kabisa.

"Kwa nini umemkubalia?" alimuuliza. "Amekuuliza kama ni yeye aliyeiharibu. Wewe unamwambia ndiyo?"

Hapo ndipo Sikio alipovunjika. Alihisi aibu iliyomwanzia miguuni ikapanda hadi shingoni, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kibaya zaidi, hofu ya kitoto, kwamba akishasema hatakuwa mtu tena. Aliinama mpaka uso wake ukawa juu ya uso wa mwanawe, ili Breki asilazimike kutafuta macho yake.

"Sikukusikia ulichosema," alimwambia. "Nimetikisa kichwa tu. Mimi sisikii, mwanangu. Sisikii siku nyingi. Bloku ilikuwa na ufa. Dada yako alitaka kuipima, nikamkataza mbele za watu, kwa sababu niliogopa kujulikana. Wewe hukuharibu kitu. Hukukanyaga vibaya. Ni mimi. Nilikuweka mbele ya kitu ambacho sikukisikiliza."

Breki alifumbua macho. Alimtazama baba yake kwa muda, bila kupepesa. Kisha ukungu ukaanza kuja ndani ya barakoa, ukaondoka, ukaja. Alikuwa anasema jambo refu. Koo lake lilipanda na kushuka ndani ya kola, mishipa ya shingo ikamtoka, akapumzika, akaendelea tena. Huenda alikuwa anamsamehe. Huenda alikuwa anamwambia asikanyage tena wodini humo. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na maji hayasemi yametoka wapi. Sikio aliinamisha sikio lake juu ya plastiki, upande ule ambao zamani ulikuwa bora, akahisi joto la pumzi, basi.

Ukungu ukakoma. Breki alikuwa amemaliza.

Sikio alinyanyua kichwa. Kwa mazoea yale yale, aliinua macho kuvuka kitanda ausome uso wa mkewe, aliyekuwa amesikia kila neno. Mkewe alikuwa ameinama, amefunika uso wote kwa viganja viwili, na chanuo lilikuwa limeanguka sakafuni.